Mke Mwenza wa Farasi Arobaini

Watu wakisikia mimi ni somo wanadhani nyumbani kwangu kila siku ni harusi. Somo ndiye anayemfunda mwari kabla hajaingia kwa mumewe, na mimi nimefunda wengi: wa Kasingirima ninakokaa, wa Katubuka, wa Kigoma mjini, hata wasichana wa Kirundi walioolewa hapa Ujiji wakaona ni bora wafundwe kama wenzao. Nawafundisha kuoga, kujifukiza, kusema, kunyamaza, na yale mengine yasiyosemwa mbele ya kaka zao. Wanaume wakikutana nami njiani wananiamkia kwa heshima ya ajabu, macho chini, maana wanajua raha zao nyingi zimepita mikononi mwangu kwanza. Na mimi huyohuyo, jamani, mume wangu alichukuliwa na injini.

Sisemi kwa utani. Utani nilishaufanya sana, ukaniishia.

Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Hapa ziwani wavuvi wa dagaa wanaingia majini wakati wa giza, kwa sababu dagaa wanafuata taa, na mwezi ukikomaa taa haina kazi. Kwa hiyo mbalamwezi ni likizo ya wavuvi. Waume wanarudi majumbani, na ukipita Kasingirima wiki hiyo unanusa udi mlango kwa mlango. Sasa kwa mke wa fundi mambo ni kinyume. Mbalamwezi ndiyo injini zote ziko nchi kavu, ndiyo zinafunguliwa, na mume wangu alikuwa anashinda na kukesha nazo huko ufukweni. Zamu yangu ilikuwa ya giza, wavuvi wakishaondoka nazo. Nilikuwa nawatania wake zao kisimani: "Nyie subirini mwezi. Mimi nasubiri giza, na giza ndilo lenye mambo." Walikuwa wanacheka mpaka ndoo zinamwagika. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Hatukujaliwa mtoto. Wenzetu wanaitana Mama fulani na Baba fulani, sisi hatukuwa na jina la kuitana hivyo. Yeye nilimwita Fundi, kama walivyomwita wateja wake, na yeye akaniita Somo, kama walivyoniita wari wangu. Mgeni akija kwetu angedhani ni watu wawili wenye biashara tofauti waliopanga nyumba moja. Lakini tulipendana. Hilo naomba liandikwe. Huyu mtu mwanzoni nilikuwa nikimsikia uani ananawa mikono kwa sabuni ya unga, nilikuwa napata shida kukaa kimya. Harufu ya petroli haikutoka kwake hata angejisugua na mchanga, na mwili wangu ukaizoea, halafu ukaipenda, halafu ukawa hauwezi bila hiyo. Siku moja nimepanda bajaji kwenda Kigoma, dereva amemwagikiwa na petroli kwenye suruali, nikajikuta moyo unanidunda kama mwari. Nikashuka kabla sijafika. Nilicheka peke yangu barabarani, mwanamke mtu mzima na kilemba changu.

Basi ikaja miaka ambayo Fundi alianza kushindwa. Sitazunguka, kazi yangu hainiruhusu kuzunguka. Alikuwa anakuja kitandani na nia njema, halafu katikati ya njia nia inamwacha. Mara ya kwanza tukasema uchovu. Mara ya pili tukasema joto. Baadaye hatukusema kitu. Nilifanya yote ninayoyajua, na mimi si mtu wa kujua kidogo. Nikafukiza, nikasinga, nikampikia supu ya samaki mgebuka yenye tangawizi ya kuwasha masikio, nikavaa shanga ambazo wari wangu wakiziona wanaziba nyuso. Fundi alikuwa ananipapasa begani, ananiambia, "Asante, Somo," kama mtu aliyepewa maji ya kunywa. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mimi nilikuwa naidharau methali hiyo. Nikaijua maana yake kwenye kitanda changu mwenyewe.

Kilichonishtua kwanza ni herufi moja. Asubuhi moja nilikuwa napepeta mchele uani, yeye yuko chumbani anaongea na simu. Nikamsikia anasema, "Amelala. Usimguse, nakuja kumfungua mwenyewe." Ungo ukanitoka mkononi. Fundi ni Muha wa vijijini, Kiswahili chake si cha kuoshwa kama cha sisi tuliozaliwa Ujiji, lakini hajawahi kukosea kati ya kitu na mtu. Injini inalala. Injini inafunguliwa. Mtu ndiye *amelala*. Nikasimama pale mchele umetapakaa, kuku wananishukuru, na mimi nawaza: ni nani huyo anayelala, asiyetakiwa kuguswa, ambaye mume wangu anakwenda kumfungua?

Nikajitanda, nikamfuata. Mchana kweupe, jua la kupasua kichwa. Nilijua maneno ya kumwambia huyo mwanamke, nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na kucha nilikuwa nazo. Nikafika ufukweni kwenye banda lake, wachuuzi wa migebuka wananisalimu sijibu, nikainua turubai kwa kishindo. Nikamkuta Fundi amepiga magoti, na mbele yake kwenye kigogo cha mti imesimama injini.

Kumbe mwenye boti mmoja alirudi kwao Burundi akaiacha imekufa, imeliwa na kutu. Fundi aliichukua, akaanza kuijenga upya kwa vipande vya injini nyingine, kwa muda mrefu, bila kuniambia. Moyo wa hii, tumbo la ile. Mfuniko aliupaka rangi mwenyewe, bluu iliyokoza, akausugua mpaka ukawa unaonyesha sura. Nikacheka, loo, nilicheka nikakaa chini mchangani. "Fundi! Mimi nimekuja kupigana na mwanamke!"

Hakucheka. Akasema, "Polepole, Somo. Ndio kwanza amekaa sawa."

Hapo ningefanya kama wanawake wengine wangefanya, ningenuna au ningepuuza. Mimi nikafanya ya kisomo. Sisi tunafundisha kwamba mume akileta mwenzio usimfukuze, mlete karibu. Mke mwenza aliye mbali anakua na kuwa mzuri kila siku kichwani mwa mume; aliye karibu anaonekana akipiga miayo. Nimewaambia hivyo wanawake wenye machozi yao, na wengi iliwasaidia. Basi nikamwambia Fundi, nusu kwa utani, "Mlete nyumbani huyo bi mdogo. Usimwache ufukweni na wahuni." Nilimuona usoni akifurahi, furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuoane. Wakaileta kwa mkokoteni. Akaisimamisha uani, karibu na dirisha la chumba chetu, kwenye mbao, mkia wake umezama kwenye pipa la maji, maana injini ya boti haiwashwi kavu, itaungua. Na mimi, mjinga mimi, nikatoa kanga yangu nikaifunika, isipate vumbi.

Wiki hiyo ya kwanza nilidhani nimeshinda. Jioni alikuwa anavuta kamba, injini inawaka kwenye pipa, maji yanaruka, nyumba nzima inatetemeka mpaka vikombe vinagongana kabatini, majirani wanauliza kama tumenunua jenereta. Halafu anaizima, ananawa, anakuja kwangu, na alikuwa mume. Kabisa. Kama zamani, kuliko zamani. Nilianza kuimba jikoni. Nikawa ndiye ninayemuuliza, "Leo huwashi?" Nikasema Mungu ana njia zake, kama dawa ni kelele basi acha ipigwe kelele.

Lakini mwanamke mwenye kazi kama yangu hawezi kulala na mtu asimsome. Siku moja nikafungua macho. Yake yalikuwa yamefumbwa, amekaza, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali asitake kikatike. Na mikono yake, ambayo naijua kuliko mashavu yangu, ilikuwa inapita mwilini mwangu mahali ambapo mimi sina kitu. Inashika pale penye mpini. Inakaza pale penye nati. Nikaelewa kwamba niko pale kama pipa la maji, ili mwingine awake bila kuungua. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka nasimama nilipo. Nikamsukuma. Naye akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Samahani," na tangu hapo hakunigusa tena.

Ikaja Idi. Mume anapaswa kuvisha nyumba, na Fundi alinunua doti. Doti ni kanga mbili zilizoungana, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Huwezi kuvaa moja ukatoka nje ukaonekana umevaa. Na mume mwenye wake wawili kila mtu anajua ananunua doti mbili zinazofanana, asimpendelee mmoja. Fundi alinunua doti moja. Akaikata katikati, kwa mkono wake, na mkasi wangu wa kukatia kucha za wari. Kipande kimoja akanipa. Kingine akatoka nacho uani, akaivua injini ile kanga yangu iliyochakaa, akaifunga hiyo mpya, akavuta pindo likakaa sawa. Zote mbili zimeandikwa *Nimeridhika naye mniacheni*. Nilisali Idi hiyo nikiwa nimejitanda ushungi wa zamani, na wanawake msikitini wakaniuliza mwaka huu Fundi kafilisika.

Sitaki mtu adhani nilikuwa namtazama kama kichaa. Ningefurahi angekuwa kichaa, maana kichaa anapelekwa kuombewa. Kipindi hichohicho nilikuwa namfunda msichana mmoja wa Katubuka, mchumba wake ana bodaboda. Nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote, nini kwa huyu kijana kinakuvuta. Akacheka, akaniambia, "Somo, nikwambie ukweli? Ile pikipiki. Nikikaa nyuma ikikata mlima wa kwenda kwao, nasikia kitu kinapanda. Yeye akiizima namuona wa kawaida tu." Akaniambia na kijana mwenyewe anaiosha kila asubuhi, anaipaka mafuta mpaka kwenye spoku, na akiwa anaisugua mtu akimwita hasikii. Nilimkanya, nikamwambia hayo ni mambo ya utoto. Nikatoka pale njiani nalia.

Nililia kwa sababu siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimefika nyumbani kabla ya wakati, na nilikuwa nimeona. Ilikuwa saa za adhuhuri, mtaa umetulia, nikasikia injini inaunguruma chini chini, si kwa nguvu. Nikapita ubavuni mwa nyumba. Fundi alikuwa amesimama uani ameikumbatia, shavu kwenye mfuniko, vifungo vya shati wazi, macho amefumba, anatetemeka nayo pamoja. Na alikuwa anaongea nayo Kiha. Fundi na watu anasema Kiswahili. Kiha ni cha mama yake, na cha Mungu anapoogopa, na kilikuwa cha kwangu, cha kitandani tu, miaka yetu ile. "Buhoro," alikuwa anaiambia. "Buhoro, buhoro." Polepole, polepole. Sikuhitaji kuelezwa nilichokiona. Mimi ni somo.

Nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu mpaka barabarani, nikakaa kwenye kibaraza cha jirani kama nasubiri mtu. Na nilichowaza pale ndicho kibaya zaidi, kwa sababu niliona jinsi ilivyotokea, na nilishindwa kuona kosa. Ninachowafundisha wari ni kwamba tamaa haikai machoni, wanavyodhani. Inakaa mkononi na puani, kwenye kile unachokishika kila siku mpaka ukajua joto lake. Mfanye akusubiri, nawaambia. Mfanye akuhangaikie, akuguse pasipoguswa na mwingine, halafu akifanya vizuri mjibu, mjibu kwa sauti, asibaki anajiuliza. Mwanamume anarudi pale anapojibiwa. Miaka yote nafundisha hayo, na uani kwangu kuna kitu cha chuma ambacho hakijafundwa na mtu, kimeyashika yote. Kinanuka harufu ileile iliyonitoa akili mimi mwenyewe. Kinavutwa, kinagoma, kinabembelezwa, halafu kinaitika kwa mwili mzima. Ningekuwa mimi ndiye ninayekaa na kitu kama hicho tangu ujana, mikono yangu ndani yake kutwa, ningesalimika? Siwezi kuapa.

Lakini nilikuwa namtaka mume wangu. Nilitaka anirudie, hilo tu. Nikaenda kwa shangazi yangu, Ujiji ya chini, nikamwomba amwite mzee aliyetuozesha, rafiki wa marehemu baba. Wakakaa ukumbini baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa una malalamiko."

"Nataka zamu, Mzee. Fundi ana mwingine, na hagawi zamu."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwenye wake wawili lazima agawe sawasawa, hilo halina mjadala. Amemuoa wapi?"

"Hajamuoa."

"Astaghafirullah! Basi huyo ni hawara. Watu wa wapi?"

Hapo aibu ikanishika. Nikasema yaliyo kweli lakini kwa kupindisha. "Ni Mjapani."

Shangazi akaruka kitini. "Mjapani! Hapa Ujiji? Kaja kwa meli?" Akashika kiuno. "Ni msichana?"

"Ana arobaini."

"Mtu mzima wa arobaini anamchukua mume wa mtu! Hata haya hana! Siku za mwizi ni arobaini, na yeye zimemfika. Nipelekeni, nitamvua nguo sokoni."

"Si miaka, shangazi," nikasema. "Ni farasi. Ni injini ya Kijapani, ya farasi arobaini."

Hapa kwetu nguvu ya injini tunaihesabu kwa farasi, na hakuna mtu wa ziwani asiyejua. Shangazi alinitazama, akamtazama Mzee, halafu akaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika gatini. Alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ushungi, akacheka tena. "Injini! Mwanangu anaomba zamu na injini!" Mzee hakucheka. Aliniangalia muda mrefu, na macho yake yalinifanya nitamani na yeye acheke. Akamtuma mtu akamwite Fundi.

Fundi alikuja amevaa kanzu, kucha zake nyeusi zikitokeza kwenye mikono myeupe ya kanzu hiyo. Akasalimia, akakaa. Mzee akamuuliza taratibu, kama unavyomuuliza mgonjwa panapouma, kama haya anayosikia ni kweli. Na nilijua atakataa. Nilimuombea akatae. Angecheka tu, aseme Somo ana wivu mpaka na vyuma, tungecheka wote, tungekunywa kahawa, na mimi ningerudi nyumbani na mume mwongo. Mume mwongo anavumilika.

"Ni kweli, Mzee," akasema.

Shangazi akaacha kucheka.

"Umeanza lini?"

"Sijui nilianza lini. Mkono ndio ulianza." Akaitazama mikono yake. "Unakishika kitu kila siku, Mzee. Unakijua kikiwa na joto la ugonjwa na kikiwa na joto la uzima. Kikiwaka kinatetemeka, na wewe uliyekishika unatetemeka. Mwanzo ni kazi. Siku moja nikajikuta nasubiri kule kutetemeka kuliko ninavyosubiri chakula. Nikasema itapita. Haikupita." Akaongeza, "Na nikivuta kamba akawaka, najua nimeweza. Hapohapo. Sibaki na shaka. Nyumbani sijawahi kujua kama nimeweza."

"Mkeo anakulaumu?"

"Hapana. Hajawahi."

"Anakuuliza habari ya mtoto?"

Sikungoja ajibu. Nilisimama. "Wallahi, Mzee, sijamuuliza hata siku moja! Ndugu zake wananisema, ndugu zangu wananisema, nimefunda mabinti wa watu wamezaa na wajukuu, na huyu sijamuuliza. Nilijiapiza nisimuumize. Miaka yote! Aseme kama nimemuuliza!"

Fundi akainua uso, na alinitazama kwa upole. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka alinitazama machoni.

"Unaniuliza kila mwezi," akasema.

"Lini? Wapi?"

"Ukifua vitambaa vyako. Unavianika nyuma ya choo, unavifunika na kanga nisivione. Navijua. Nikipita nikaona ile kanga kwenye kamba, najua nimeulizwa tena, na mwezi huu pia sina jibu." Akavuta pumzi. "Yeye hafui, Somo. Yeye hajawahi kufua."

Nilikuwa nimesimama bado, na sikujua namna ya kukaa. Ile kanga nilikuwa naitandaza kwa mapenzi. Nilikuwa naamka kabla hajaamka nifue, nianike, nifunike, ili asione kwamba imeshindikana tena, na nilijiona mke mwema kwa hilo. Nimewafundisha na wari wangu: mfichie mumeo yanayomvunja moyo.

Mzee alisema hana kitabu cha jambo hili. Akasema nikitaka kuachana ataandika, hatanilazimisha. Ningekwenda kumwambia nani sababu? Nikasema nataka zamu. Fundi akakubali mara moja, bila ubishi, kama mtu mwadilifu alivyo. Na aliitimiza. Siku zangu alikuja kwa wakati, ameoga, akalala chali kando yangu, mikono imenyooka, anatazama paa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa dirishani. Sikuweza. Nikamwambia mwenyewe, nimekusamehe zamu zangu, nenda. Akasema, "Asante, Somo." Akahamishia godoro lake kwenye kibanda cha uani, karibu na injini.

Nilijipa tumaini moja nisilomwambia mtu. Nilisema: siku itafika damu itakata, mimi si msichana. Siku hiyo swali litakoma lenyewe. Hakutakuwa na kanga kwenye kamba, hatakuwa na cha kuogopa, na pengine tutabaki wazee wawili tu, na wazee wawili wanaweza kushikana mikono. Nikaanza kuisubiri kama wengine wanavyosubiri mimba. Mwezi ukipita bila damu nafurahi. Ikirudi nalia.

Mwaka huu imekata. Nilingoja mpaka nilipokuwa na hakika, nikangoja tena. Halafu asubuhi moja nikatoka uani. Fundi alikuwa ameinama kwenye injini, inawaka kwenye pipa kwa sauti ya chini. Watu wamekuja mara nyingi kumwomba waifunge kwenye boti, haijawahi kuingia ziwani hata leo. Nikasimama karibu yake.

"Fundi. Imekata."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kamba ya nguo nyuma ya choo, tupu. "Sifui tena. Imekwisha. Hakuna anayekuuliza kitu."

Akaelewa. Nilimuona akielewa, mabega yalimshuka, akafuta mikono kwenye suruali. Akanijia. Akanishika mkono. Jamani, mimi nimefunda wanawake, nimesema mambo ya chumbani bila kupepesa, na nilitetemeka kwa kushikwa kiganja. Kila kitu ndani yangu kilichokuwa kimelala kikaamka kwa pamoja. Akanivuta kwake taratibu, hatua moja, nyingine, nami nikafuata, hata chozi sikulifuta.

Akauchukua ule mkono wangu akaulaza kwenye mfuniko wa bluu, juu yake akaweka wake, akaukandamiza.

"Umesikia?" akasema. Uso wake ulikuwa umejaa nuru, anaitazama injini. "Msikilize sasa. Zamani alikuwa anakosakosa, sasa amekaa sawa kabisa. Umesikia, Somo?"

Joto lake lilikuwa zuri. Mtetemo ulinipanda mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, ukashuka, na mwili wangu ukaitika, na sikuweza kujua unaitika kwa nani kati yao.

"Nimesikia," nikasema.

Akatabasamu. Kisha akauondoa mkono wake juu ya wangu, kwa sababu kulikuwa na nati moja iliyolegea, akaenda kutafuta spana.